Mwaka Ziwa Lilipoingia kwa Mama

Nimefundisha jiografia kwa miaka kumi na tisa, na kwa kumi na minne kati ya hiyo nimekuwa mke wa dereva wa lori la makaa ya mawe. Kwa muda mrefu sikuona kwamba kazi yangu na kazi yake zina lolote la kuambiana. Asubuhi yeye aliwasha lori, mimi nikashika chaki. Jioni, siku ambazo hakuwa safarini, tulikutana mezani hapa Kitai, hatua chache kutoka barabara ya Songea na Mbinga, tukazungumza habari za watoto, mahindi na tairi. Hata mada ya gesi joto niliifundisha kama habari ya watu wengine. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, na picha zake ni za mabomba marefu ya viwanda vya ng'ambo. Nikiona wanafunzi wamenikodolea macho bila kuelewa, nageukia Kiswahili, naeleza, nafuta ubao, kengele inalia.

Mume wangu ni Mmatengo wa Mbuji. Alikulia kwenye kahawa, na hakuwa na nia ya kuiacha. Lakini mvua zilianza kuchelewa, halafu zikija zinakuja zote kwa pamoja, na mibuni ya baba yake ikawa inatoa maua wakati usio wake, matunda yanaiva machache leo na machache mwezi ujao. Akawaachia kaka zake shamba, akaenda kujifunza kuendesha malori makubwa. Mimi ni Mnyasa wa mwambao wa ziwa, Mwanglikana. Tulifunga ndoa kwenye kanisa lao la Kikatoliki, na mama yangu, aliyeketishwa benchi la mbele kwa heshima, alikuwa akigeuka nyuma kila mara kuangalia kama watu wamesimama au wamepiga magoti.

Huyo mama ndiye ninayetaka kumsimulia, yeye na mkwe wake.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kijijini kwetu, kusini mwa Mbamba Bay, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi na bati, karibu sana na ufuko kiasi kwamba ukimwaga maji ya kuoshea vyombo yanakwenda yenyewe ziwani. Baba tulimzika uani, upande wa kaskazini. Mama alikuwa anakausha usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye vichanja na kulima mihogo na kipande cha mpunga. Kila mwaka nilimwomba apande huku juu akae na sisi, na kila mwaka alinijibu kwamba baridi ya huku ni ya watu waliozaliwa nayo.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule, jirani yake alinipigia simu nikiwa shuleni.

"Mwalimu, njoo umchukue mama yako. Maji yamefika kwenye vichanja."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema yatarudi. Njoo tu."

Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya siku mbili. Mume wangu alikuwa safarini na mzigo, nikamwambia kwa simu kwamba Jumapili nitakuwa nimerudi naye. Ijumaa hiyo nilipanda basi hadi Mbamba Bay, na kutoka hapo nikachukua pikipiki. Tulivuka mto kwa daraja la magogo, dereva akaniambia nishuke nitembee, yeye akaisukuma pikipiki taratibu huku magogo yakitikisika.

Nilimkuta mama anapika. Ziwa lilikuwa uani. Halikuwa na kishindo chochote, limetulia kabisa, na usipa mdogo walionekana wakiogelea juu ya mahali ambapo zamani tulikuwa tunacheza rede. Vichanja vimesimama ndani ya maji. Msalaba wa baba ulikuwa bado unaonekana wote, na kuzunguka kaburi mama alikuwa amepanga mawe.

"Kesho asubuhi tunaondoka," nikamwambia kabla hata sijaketi.

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kula kwanza."

Ile kesho asubuhi haikufika kama nilivyoipanga. Mvua ilianza kabla hatujamaliza kula na haikukatika. Kulipokucha tukasikia kwamba daraja la magogo limekwenda na maji, na kwamba kwenye mlima kati ya Mbamba Bay na Mbinga udongo umeporomoka ukafunika barabara. Mwenyekiti wa kijiji akakataza mitumbwi isitoke, mawimbi ya nje yalikuwa makubwa. Mnara wa simu ukazimika. Nilisimama mlangoni nikiwa na begi langu begani, nikatazama pande zote nne, na hapakuwa na upande wa kwenda.

Watu wengi walihamia shule ya msingi, iliyoko juu kidogo. Mama alikataa.

"Nikiwa msichana ziwa lilikuja hivihivi," alisema. "Lilifika mpaka kwa bibi yangu. Tukakaa, likarudi."

"Lilikaa siku ngapi?"

"Sikuhesabu. Lilirudi."

Siku ya pili maji yalifika kizingitini. Siku ya tatu yakaingia ndani. Tulipandisha kitanda juu ya matofali, jiko la mkaa tukaliweka juu ya meza, magunia ya mihogo mikavu tukayarundika chumba cha nyuma juu ya stuli na mbao. Nilijaribu kumwondoa kwa maneno, nikajaribu kwa kununa, nikajaribu hata kwa kulia. Hakuna lililofaa. Siku ya nne mchana mamba alionekana katika shamba la mihogo, kati yetu na shule, mahali ambapo njia inashuka kwenye bonde dogo na maji yalikuwa yamefika kiunoni. Tangu saa hiyo hakuna aliyepita pale peke yake, na hapo ndipo nilipojua kwamba hata mama angekubali, mimi nisingeweza kumvusha.

Kitu ninachokikumbuka zaidi katika siku zile ni ukubwa wa kile kitanda. Futi nne kwa sita. Tuliketi juu yake, tukala juu yake, tukasali juu yake. Ukishusha mguu unakanyaga maji ya uvuguvugu, yenye matope na nyuzi za majani. Choo kilikuwa kimefurika, sitaki kueleza tulivyofanya. Nilikuwa nachemsha maji ya kunywa kwa mkaa uliobaki, kidogo kidogo, nikiogopa kipindupindu kuliko mamba. Kuta zilikuwa zinanyonya maji. Kila siku mstari wa unyevu ulipanda ukutani, na mama alikuwa anautazama, na akiona namtazama anageuza macho.

Siku ya tano, mvua inapiga bati, aliniuliza.

"Wewe unawafundisha watoto mambo ya mvua. Hii ni nini?"

Nilianza kama ninavyoanza darasani. Nilimwambia jua linapasha ardhi joto mchana, na lile joto likitaka kurudi juu kuna gesi angani zinalizuia sehemu yake. Zisingekuwepo kabisa tungeganda kwa baridi. Lakini sasa zimezidi, joto linalobaki ni jingi, na hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi, ndiyo maana mvua ikija inakuja kwa namna hii.

"Kwa hiyo zamani ziwa lilipojaa ni hizo gesi?"

"Hapana mama. Ziwa huwa linajaa na kupungua lenyewe, hilo ni kweli. Siwezi kukuapia kwamba mvua hii moja ni ya gesi. Ila mvua kubwa za namna hii zinazidi, na zitazidi."

"Zinatoka wapi?"

"Kwenye vitu vinavyochomwa. Mafuta ya magari. Misitu. Nyingine zinatoka kwenye ng'ombe, kwenye mabonde ya mpunga, kwenye mbolea." Nikasita. "Na makaa ya mawe. Hayo zaidi."

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Mkono ukasimama.

"Haya ya mkwe wangu?"

"Haya."

"Yanachomwa huko huko Mbinga?"

"Yanapelekwa mbali. Viwandani. Mengine yanapakiwa melini yanakwenda nje ya nchi."

"Na sisi huku tumechoma nini?"

"Kidogo sana, mama. Ni kama hakuna."

Alifikiri. "Mimi nimekausha samaki kwa kuni tangu nikiwa na miaka kumi," akasema, kama mtu anayetaka hesabu isiwe ya kumpendelea. Halafu akaendelea kuchambua mchele. Mimi nilikaa pembeni yake na uso umeniwaka. Nilikuwa nimeisema mada ile mbele ya mamia ya watoto na haijawahi kunifanya nishindwe kumtazama mtu.

Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawazoeani. Wanaheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja, hawaketi mkeka mmoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Kwa miaka yote kumi na minne maneno ya mama na mume wangu yalikuwa shikamoo na marahaba, na yaliyobaki yalipitia kwangu. Kwa hiyo siku ya nane, saa nne asubuhi, niliposikia sauti yake inapiga hodi nje, nilidhani nimeanza kuugua.

Alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka mapajani, kamba begani, na watu wawili wa kijijini nyuma yake na fito ndefu. Aliacha lori Kitai, akafika mahali udongo ulipoporomoka, akauvuka kwa miguu, akapata gari upande wa pili, na kutoka Mbamba Bay alitembea. Mto aliuvuka akishika kamba waliyoifunga wavuvi. Uso wake ulikuwa umetazama pembeni, kwenye mpapai.

"Shikamoo mama," akasema kuuambia mpapai.

"Marahaba baba," mama akajibu kutoka kitandani. Kisha kwangu, kwa sauti ileile ambayo yeye aliisikia vizuri: "Mwambie mume wako asante kwa kuja. Akuchukue wewe. Mimi nipo."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," mume wangu alisema. "Mwambie siondoki bila yeye. Nitasimama hapa."

Akasimama. Mimi niliketi katikati yao nikiwa sina la kumpelekea mmoja kutoka kwa mwingine. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani, lakini mvua ndogo ilipita ikaisha. Halafu chumba cha nyuma kikatoa sauti kama ya mtu anayeshusha mzigo mzito, na ukuta wote wa upande wa ziwa ukalala nje. Mwanga ukaingia hadi kitandani. Magunia ya mihogo yalielea kidogo, yakageuka, yakazama.

Mama alivuta kanga yake, akajifunika kichwa na uso.

"Mwambie mume wako ageuke," akasema.

Aligeuka, akainama, akaja kinyumenyume hadi kitandani akitanguliza mgongo. Nilimshika mama mkono, akampanda mkwe wake mgongoni kama mtoto. Alikuwa mwepesi, hilo mume wangu aliniambia baadaye, mwepesi hata akaogopa. Tulipita uani, tukapita msalaba ambao sasa ulionekana sehemu ya juu tu, tukashuka kwenye lile bonde. Wale watu wawili walikuwa wanapiga maji kwa fito na kupiga kelele ili mamba asisogee. Maji yalifika kifuani kwa mume wangu na miguu ya mama ikawa inaburuzwa juu ya maji. Tulipofika shuleni alichuchumaa, mama akateremka, akaingia moja kwa moja walipokuwa wanawake. Mume wangu akaenda nyuma ya madarasa. Nilimfuata nikamkuta ananawa uso kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Aliendelea kunawa muda mrefu sana, nikamwacha.

Barabara ilipofunguliwa, mama akaja Kitai.

Ningependa kusema tulifurahi. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na sebule moja, na heshima ile ya mkwe haikuwa imepimwa kwa nyumba ya ukubwa huo. Mume wangu alianza kuingia kwa mlango wa nyuma. Alikula jikoni nje, ameketi kwenye kigoda karibu na kuni. Akitaka kwenda chumbani alikohoa tangu barabarani ili mama apate nafasi ya kuondoka sebuleni, na mama akisikia kikohozi anainuka haraka, hata kama ameketi na uji wake, anajifungia chumbani kwa watoto. Katika nyumba ile watu wawili niliowapenda walikuwa wanakimbiana kutwa. Mume wangu akaanza kuomba safari zaidi ili asiwepo, na kila safari aliyoongeza ilikuwa ni mzigo zaidi wa makaa, na mama alilijua hilo.

Mchana aliketi barazani amejifunika blanketi. Malori yanapita mbele yetu kutwa, yamefunikwa turubai, na yale yaliyokwishashusha mzigo yanarudi matupu yakiyumba. Vumbi jeusi linatua kwenye nguo nilizoanika. Hakumjua mtu. Majirani walimsemesha Kimatengo, akawajibu Kiswahili, wakacheka naye kidogo, wakaenda shambani. Samaki wa hapa aliwagusa kwa kijiko tu. Nilirudi shuleni nikamkuta ameketi palepale nilipomwacha asubuhi, uso umeelekea barabara.

"Lile la mume wako limepita saa sita," aliniambia siku moja. "Nimeshaujua mlio wake."

Sikujua kama ananilaumu. Sikuuliza.

Muhula ule nilifanya kitu ambacho mwalimu hatakiwi kukifanya. Mada ya gesi joto ilipofika, niliiruka. Niliwaambia kidato cha pili watasoma wenyewe, nikaingia mada inayofuata. Waliniangalia. Karibu kila mtoto katika darasa lile ana baba, mjomba au kaka anayekula kupitia makaa: anayeendesha, anayepakia, anayeziba pancha, anayeuza chai kwa madereva. Nilijiambia nawahurumia. Ukweli ni kwamba sikutaka kusikia sauti yangu ikiyasema yale maneno niliyoyasema juu ya kile kitanda.

Mwezi wa sita, Ijumaa moja jioni, mume wangu alikuwa jikoni anakula. Mama alitoka chumbani, hakukohoa wala hakuniita. Alitembea hadi mlango wa jiko akasimama pale, blanketi mabegani.

"Baba," akamwambia.

Mume wangu aliinuka na tonge mkononi. Hakujua aelekeze wapi macho yake.

"Naam mama."

"Kesho unakwenda kupakia?"

"Nakwenda."

"Nataka twende wote. Nataka kuyaona yanakotoka."

Jumamosi tukaenda, watatu ndani ya lori: yeye kwenye usukani, mimi katikati, mama dirishani. Kwenye geti la mgodi walinzi walikataa kumwingiza, na walikuwa na haki. Lakini karibu na mizani ya malori kuna mahali pa kusubiri, na kutoka pale yadi ya kupakilia inaonekana. Mume wangu aliingia na lori, sisi tukabaki. Mama alitazama ile milima myeusi, na katapila zinazokata na kumwaga, na vumbi linalopanda. Nilisubiri aseme kitu. Midomo yake ilikuwa inajipanga, namjua, alikuwa na maneno aliyoyatunza tangu mwezi wa tatu.

Kando ya geti palikuwa na mabanda ya mama lishe. Mmoja wao alipotukaribisha chai, mama alisikia lafudhi yake akageuka ghafla.

"Wewe ni wa wapi?"

Alikuwa Mnyasa. Zaidi ya hapo, alikuwa binti wa kijiji kinachopakana na chetu, mama alimfahamu bibi yake. Mashamba yao ya mpunga yalikuwa bado chini ya maji, akatueleza. Mume wake anapakia mle ndani, na wadogo zake wawili pia. Wengi wa mwambao walikuwa wamepanda huku mwaka ule. Alimwekea mama kigoda, akamletea ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, na mama akala, kwa mara ya kwanza tangu aje Kitai nilimwona anakula mpaka akafuta sahani. Walizungumza Kinyasa asubuhi nzima. Walicheka, wakawataja waliokufa. Watu wa zamu walipotoka kula, mama alikuwa anawauliza mmoja mmoja ni mtoto wa nani, na wengine walimwamkia kwa kuchuchumaa, mikono imejaa weusi.

Wakati wa kurudi, tulipoikaribia barabara kubwa, mama aligeuza uso kutoka dirishani. Kisha akasema na mkwe wake, si na mimi.

"Baba, nilikuja na maneno ya kukuambia."

"Nasikiliza mama."

"Yamekwisha. Nikikuambia wewe uache, itabidi na yule binti nimwambie, na wale vijana. Waende wapi? Mashamba yao yako ndani ya maji." Lori lilipunguza mwendo kupisha bodaboda, likaongeza tena. "Ila usiniambie kwamba hii ni kazi tu kama kazi nyingine. Hilo usije ukaniambia."

"Sitakuambia, mama."

Tangu siku ile kikohozi kiliisha nyumbani kwetu. Hawakuanza kula pamoja, hapana, lakini alipoingia kwa mlango wa mbele hakuna aliyekimbia.

Wiki iliyofuata niliwaambia kidato cha pili warudi kwenye mada tuliyoiruka. Nilifundisha vipindi viwili mfululizo. Nilipomaliza, msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye baba yake ni fundi wa malori, alisimama.

"Mwalimu, kwa hiyo sisi ndio tunaowazamisha watu wa ziwani?"

Nilimwambia kwamba makaa yaliyokwishachomwa duniani ni mengi mno, na yetu ni sehemu ndogo, na waliochoma zaidi wako mbali na wametajirika kwayo. Nilimwambia pia kwamba sehemu ndogo bado ni sehemu. Aliuliza sasa tufanye nini. Nilitaja miti, nilitaja umeme wa jua, nilitaja sheria za mataifa, yote yaliyomo kitabuni, na nilipokuwa nayataja nilimwona anayaandika kwa uaminifu, na nikatamani kama ningekuwa na kitu kizuri zaidi cha kumpa aandike.

Jumapili moja baada ya misa mume wangu naye akaniomba nimweleze, kama ninavyowaeleza watoto. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza. Tuliketi barazani, nikamchorea kwenye karatasi jua, ardhi na hewa. Aliuliza kama dizeli ya lori nayo imo. Nikamwambia imo.

"Nikishuka mimi, anapanda mwingine siku hiyohiyo," alisema.

"Najua."

"Na watoto wapo bweni, wanataka ada."

"Najua."

"Sasa wewe mwenyewe unataka nifanye nini?"

Nilimwambia sijui, na ilikuwa kweli. Alikunja ile karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati. Wiki hiyo alikwenda Mbinga mjini kwa mtu mwenye malori ya kubeba kahawa na mahindi. Aliambiwa aache namba yake. Ameiacha mara tatu sasa.

Mama hakusubiri. Mwezi wa nane alisema baridi imemtosha, akarudi. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma, lakini si lote, na mahali pa nyumba palibaki mchanga na mabaki ya msingi. Kaburi la baba hatukulipata. Tulichimba hapa na pale siku nzima, na mwishowe mama akasema tuache, tunamsumbua. Ukoo ulimpa kiwanja juu ya barabara, karibu na shule. Waumini wa kanisa lake walifyatua matofali, na mara hii wakayachoma. Mume wangu alitumia likizo yake yote kusimamisha kuta, akapiga yale mabati ya zamani yaliyookolewa. Kutoka pale ziwa linaonekana, lakini kulifikia ni mwendo, na magoti ya mama si ya mwendo tena. Usipa ananunua kama mtu wa bara.

Mwezi wa kumi na moja tulishuka kumwona. Mawingu yalikuwa yameanza kujijenga upande wa ziwa. Alikuwa ameomba saruji ya sakafu, kwa kuwa hataki tena kukanyaga udongo mbichi ndani ya nyumba, na tulimletea mifuko minne kwenye gari la kukodi. Mume wangu alikuwa anaibeba begani, mmoja mmoja. Mama alisimama mlangoni akiusoma ule mfuko wa kwanza kwa vidole, ingawa hasomi.

"Baba," akamwuliza, "hii wanaitengenezaje?"

Mume wangu aliushusha mzigo taratibu. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mama, usoni kabisa.

"Wanachoma mawe, mama. Kwenye tanuru kubwa."

"Kwa moto wa nini?"

"Kwa makaa."

"Haya?"

"Mengine ni haya. Viwanda vingi vya saruji nimevipelekea mimi mwenyewe."

Mama aliondoa mkono kwenye mfuko. Aliangalia mawingu, akaangalia sakafu yake ya udongo, akatupisha mlangoni.

"Iingizeni ndani," akasema. "Mvua inakuja."